Bega Langu na Mashine ya Kulimia

Nikiwaambia watu wa Kakuyuni kwamba naishi ughaibuni, wananicheka mpaka wanashika mbavu. Ughaibuni kwao ni Italia, Ujerumani, Uarabuni, kule binti wa mtu anakokwenda kufanya kazi za ndani akarudi na masanduku. Tanzania? Tanzania ni hapo tu, panda basi asubuhi, jioni umefika. Lakini mimi ndiye ninayepanga foleni mpakani Horohoro kugongewa muhuri, mimi ndiye ninayeulizwa kitambulisho na kila karani, na mimi ndiye niliyefika hapa miaka kumi na mmoja iliyopita nikiwa sina hata mtu mmoja wa kumwambia kichwa kinaniuma. Kama huku si ughaibuni, basi ughaibuni siujui.

Kwetu ni Lushoto, milimani. Mume wangu ni Mkamba, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyenunua kiwanja huku Kakuyuni, nyuma ya Malindi, kwa sababu alichoshwa na ukame wa kwao. Alinioa, akanileta, akanionyesha nyumba na nusu eka iliyo nyuma yake, kisha akapanda lori akaenda zake Kampala. Simlaumu. Ndiyo kazi yake. Tangu hapo namwona siku nne, siku tano kwa mwezi, na hizo nazo nyingi analala.

Aliyenitoa upweke ni jirani yangu, mama wa Kigiriama, mjane, mtu mzima. Kila mtu humwita Hawe, yaani bibi kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Wiki yangu ya pili alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza, "Kwenu mnalima?"

Nikamwambia tunalima.

"Basi kesho beba jembe."

Hapo ndipo nilipoingia kwenye mweria. Mweria ni kulimiana kwa zamu. Tulikuwa wanawake tisa. Leo wote tisa tunalima kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule, mpaka mzunguko umalizike kabla ya mvua kushuka. Kila mmoja hupewa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima, na mwenye shamba hupika. Hakuna anayelipwa. Unalipwa kwa mikono ya wenzako siku yako ikifika, na asiye kwenye mweria, kama hana wana wenye nguvu au mume anayetuma hela, shamba lake hubaki nyasi. Hilo si fumbo, ni njaa.

Mimi nilikuwa hodari. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli. Kule kwetu mashamba yamesimama wima, ukilima huku mguu mmoja uko juu na mwingine chini, kwa hiyo mtu wa Lushoto ukimshusha kwenye tambarare ya Kakuyuni haoni kazi. Wenzangu wakifika nusu ya ngwe, mimi nimekwisha maliza, nimesimama kwenye mpaka nafuta jasho. Waliniita Mama Tanga. Nilijaribu kuwaeleza kwamba Lushoto na Tanga mjini ni mbali, wakasema haya, Mama Tanga. Wakigawana ngwe mtu husema, "Ile yenye nyasi za sangari mpeni Mama Tanga," nami nafurahi, maana huo ndio ulikuwa uraia wangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe, nikalishika, na sikuwa na kingine cha kushika.

Vuli ya mwaka juzi niliteleza kisimani na ndoo mkononi. Nikaangukia bega la kulia. Siku za kwanza nilidhani ni kuteguka tu, nikakanda kwa maji moto na mafuta. Mwezi ukapita. Daktari wa Malindi akaniinulia mkono mpaka usawa wa kifua, nikapiga ukelele, akaushusha. Akasema mshipa umechanika, utapona polepole au hautapona, na nisahau jembe. Nikamshukuru, nikatoka, nikasimama nje ya duka la dawa nikiwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Sikumwambia mtu. Vuli ile kazi ilikuwa imekaribia mwisho, nikasingizia malaria siku mbili, siku nyingine nikalima kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika mpini kwa kuigiza. Ngwe yangu ilitoka mbaya, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wenye ngwe mbaya. Masika yalikuwa yanakuja, na masika ndiyo mzunguko mkubwa. Niliogopa kitu kimoja tu, kutolewa kwenye mweria. Nikawaza, mwanamke mgeni, hana watoto, mume yuko barabarani, na sasa hana hata bega. Watanifanyia nini mimi?

Mume wangu nilimwambia nusu ya jambo, ile isiyouma. "Kazi ya jembe imenichosha," nikasema kwenye simu.

"Si ukodishe vibarua?"

"Vibarua wakiingia hapa, watu watauliza kwa nini."

"Waache waulize. Kwani wewe ni waziri?"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mashine. Kwetu Tanzania tunazo pawatila, zile za magurudumu mawili zinazolima majaruba ya mpunga, na kaka yangu wa Korogwe anaishi kwazo. Nikampigia. Akacheka, akasema pawatila kwenye nusu eka ni sawa na kuua mbu kwa shoka, tafuta zile ndogo za bustani, zina visu vinavyozunguka chini, unaisukuma mbele yako. Akasema angeweza kuniulizia Tanga, lakini mashine ikivuka mpaka inaulizwa maswali mengi kuliko binadamu. Tafuta huko huko uliko, akasema.

Huko huko niliko! Nilizunguka Malindi siku tatu. Duka la kwanza waliniletea mashine ya kukata nyasi. La pili wakaniletea pampu ya maji, na nilipokataa, muuzaji akanifafanulia faida za pampu kana kwamba mimi ndiye niliyekosea kujua shida yangu. La tatu walikuwa na picha. Picha nzuri, ya rangi, imebandikwa ukutani juu ya mizani. "Hii ndiyo," nikasema. "Iko wapi?" Kijana akaniambia iko kwenye picha. Nikaenda mpaka Kilifi mjini, nikakuta moja ya kweli, ya kijani, imefungwa kwa mnyororo mlangoni, na nilipouliza nikaambiwa hiyo ina mwenyewe, mmiliki wa hoteli, haiuzwi, imewekwa pale ipendeze duka. Lo! Nilirudi Malindi nimenuna. Mwenye trekta wa njia ya Ganze nilikwisha mwuliza, akaniangalia akasema, mama, nusu eka hata kugeuka haligeuki.

Fundi mmoja wa pampu ndiye aliyenipa njia. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, na aliniambia kuna mzee wa Kitaliano upande wa ufukweni aliyekuja kwake mara mbili kununua plagi ya kimashine cha namna hiyo, na kwamba sasa anauza vitu vyake.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha makuti, miguu ameinyoosha. Mvi zake zilistahili heshima, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Karibu. Kiswahili chako si cha hapa."

Nilimkazia macho. Neno hilo nimeambiwa na Waswahili wa mji wa kale, wana haki nalo. Lakini kuambiwa na Mtaliano!

"Natoka Tanga," nikasema. Hata mimi nilikwisha choka kueleza Lushoto. "Na wewe mzee, wa wapi?"

"Wa hapa," akasema, wala hakucheka. "Miaka thelathini na minane."

Akanipeleka bandani. Kilikuwepo kimashine chekundu, rangi imebabuka, mikono miwili kama ya baiskeli, magurudumu mawili madogo, na chini yake visu vinne vilivyopinda. Akaniuliza udongo wangu ni wa namna gani. Akaniuliza kama kuna ndago, maana visu hivyo hukata ndago vipande na kila kipande huota. Akaniuliza kama kuna visiki. Nikajibu yote. Akaniambia visiki ni adui yake, ukikutana na kisiki izime, zunguka, usishindane nacho. Nilimwona kama mtu anayeulizia binti yake anakoolewa.

"Haya, washa," akasema.

Mashine ile inawashwa kwa kamba. Unavuta kwa nguvu, mara moja, na mkono unapaa juu. Nikavuta kwa kushoto. Haikuwaka. Nikavuta tena. Mara ya nne ikawaka, nami nikawa natweta.

"Mkono wa kulia una nini?"

"Hauna kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na goti langu la kushoto halina kitu. Ndiyo sababu nauza."

Tulipatana pale pale. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtu wa kwanza kulijua bega langu katika Kenya nzima, ukimwondoa daktari, alikuwa Mtaliano nisiyemjua, na sikumwona tena. Tuktuki ilinibebea mashine hadi Kakuyuni, mikono yake imetokeza nje pande zote mbili, na dereva akipiga honi njiani kama aliyebeba maharusi.

Nusu eka yangu niliilima kwa asubuhi mbili. Nilifurahi, sikatai. Udongo uligeuka laini, mweusi kwa unyevu, bila kunung'unika. Kelele ilisikika mtaa mzima, na jioni wenzangu wa mweria wakaja kutazama. Waliishika, wakaizunguka, mmoja akapanda juu akaomba kupigwa picha. Mwenyekiti wetu ndiye pekee ambaye hakuishika. Ni mwanamke mfupi, mkavu, muuza samaki, anayesema neno mara moja.

"Unatoka?" akaniuliza.

"Kutoka wapi?"

"Kwenye mweria."

"Sitoki. Kwangu msije, kumeshalimwa. Lakini kwenu nitakuja. Naweza hata kuja na mashine, ngwe yangu nikailima nayo."

"Mweria ni mikono," akasema. "Uje na mikono. Na kanuni unaijua."

Niliijua. Zamani kidogo mwenzetu mmoja aliletewa trekta na mwanawe, likamlimia nusu ya shamba, kisha akataka mikono yetu imalizie nusu ya pili. Kulizuka ugomvi uliovunja mweria msimu mzima. Tangu hapo likakatwa shauri, anayelimiwa kwa mashine, majembe yetu hayaendi kwake. Mimi niliona kanuni hiyo ni ya wenye matrekta, watu wenye uwezo. Sikuona inahusu nini kimashine cha mkono kilichonunuliwa kwa Mtaliano mwenye goti bovu.

Zamu ya kwanza ya masika ilikuwa ya Hawe. Shamba lake lina sehemu mbili. Ya juu, karibu na nyumba, ni tambarare na laini. Ya chini inateremkia bondeni, udongo wake una maji, ndiko mahindi yanakostawi, lakini ni pori lililofyekwa karibuni na visiki bado vimo. Mikono tisa huimaliza yote kwa siku moja, toka alfajiri mpaka adhuhuri. Mikono minane na mmoja wa kuigiza, hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mbele ya macho ya wote, saa sita nzima, bega nitalificha vipi?

Siku mbili kabla, Hawe alikwenda Ganze kwenye maziko, akasindikizwa na mpwa wake. Nami nikapata wazo. Nikiilima sehemu ya juu kwa mashine kabla hawajaja, itabaki ya chini tu, ngwe zitakuwa fupi, na ngwe fupi nitaivuta hivyo hivyo kwa kushoto. Na Hawe atakuwa amesaidika. Nilijiambia ni kwa ajili ya Hawe. Nilijiambia mara nyingi, na mtu akijiambia jambo mara nyingi mno ni kwamba halimwingii. Nilivuka na mashine nikailima sehemu ya juu yote, mchana kweupe, nikaisawazisha, nikarudi nyumbani kuoga.

Asubuhi ya zamu walikuja wakiimba. Hawe alikwisha rudi usiku, akaamka saa tisa kupika. Sufuria la ugali, kunde za nazi, papa mkavu, uji wa mtama. Nyimbo zilikatikia kwenye ua. Walisimama kwenye mpaka wa shamba, majembe mabegani, wakitazama udongo uliokwisha geuzwa. Hawe akaja nyuma yao. Akakanyaga udongo kwa mguu mtupu, akausogeza kwa vidole, akatulia.

"Hawe," mwenyekiti akasema, "nani amekulimia?"

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na jembe langu. Alama za magurudumu zilitoka pale moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, mtoto mchanga angezifuata. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, ni mimi. Lakini nyuma ya maneno hayo lilikuwepo swali la kwa nini, na nyuma ya kwa nini lilikuwepo bega.

"Nilimwomba mwanangu hapa anisaidie," Hawe akasema. "Mimi nilimwomba."

Uongo mtupu! Hakuwa hata ameniaga alipokwenda Ganze.

Mwenyekiti akamtazama, akanitazama, akanisubiri. Nikatazama jembe langu.

"Basi Hawe umeshalimiwa," akasema. "Kanuni unaijua, ulikuwepo tulipoiweka." Akageuka. Wakageuka wote. Chakula hawakukigusa, maana chakula cha mweria hakiliwi bila jasho. Mmoja alitaka kusema kitu, akavutwa kanga. Sufuria zile zilibaki jikoni zimefunikwa, na Hawe akaanza kuita watoto wa jirani mmoja mmoja waje wale.

Nilirudi kwangu nikafunga mlango. Niliona haya, na niliona hasira kwa kuona haya, na sikufanya lolote siku ile wala ya pili.

Siku ya tatu nikaivuta mashine mpaka bondeni kwa Hawe. Nilijua kabisa nilichoambiwa kuhusu visiki. Nilizunguka cha kwanza, cha pili, wa tatu ulikuwa mzizi mnene chini ya udongo, haukuonekana. Visu vikaung'ang'ania, mashine ikaruka, mikono yake ikanigonga mbavuni, mkanda ukakatika. Kisu kimoja kilipinda kabisa. Nilikaa pale chini nikiitukana kwa Kisambaa, lugha pekee ambayo hakuna mtu hapa angeielewa.

Ikawa kila alfajiri nasikia jembe kule bondeni. Hawe amekwenda kulima peke yake. Jembe lilikuwa linatua, linatua, kisha linagonga kisiki, kimya, linagonga kisiki kile kile tena. Nililala macho makavu nikihesabu. Baada ya siku kumi alikuwa amelima pahali pa kutosha mkeka. Manyunyu ya kwanza yalishuka upande wa mto Sabaki, watu wakaanza kuchagua mbegu. Kila tulipokutana kisimani nilimwamkia shikamoo Hawe, naye akaitikia marahaba mwanangu, kwa sauti ile ile ya siku zote. Angenitukana ningepona.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwenye mweria mikono mitupu. Walikuwa kwa mwenzetu mmoja, wamepumzika, wanakunywa uji chini ya kivuli cha banda. Mwenyekiti akaniuliza jembe liko wapi.

"Siwezi kulishika," nikasema. Nikainua mkono wa kulia mpaka ulipofika, usawa wa kifua, nikauacha hapo waone unapokomea. "Niliteleza kisimani vuli. Hawe hakuniomba kitu. Hakuwepo hata nyumbani. Nilimlimia mimi bila kumwambia mtu, ili ngwe zipungue, msije mkaona bega langu. Akanifichia, nami nikamwacha."

Kisha mama mmoja kijana akacheka. "Ndiyo maana jembe lako lilikuwa linakwenda upande upande! Sisi tukasema Mama Tanga siku hizi anapitia tembo la mnazi asubuhi."

Wengine wakacheka naye, na mimi nikataka kucheka, lakini mwenyekiti hakuwa amecheka. Aliweka kikombe chini.

"Yaani umemwacha bibi wa watu anapigana na visiki siku kumi na mbili kwa ajili ya bega?"

"Ndiyo."

"Bega!"

"Ndiyo, mwenyekiti."

Akanitazama muda mrefu, nami nikajiandaa kwa lile nililoliogopa tangu mwanzo.

"Hawe hakulimiwa kwa mashine," akawaambia wenzake. "Hawe alivamiwa. Zamu yake iko pale pale. Kesho kwa Hawe, saa kumi na mbili." Akanigeukia. "Na wewe uje."

"Mwenyekiti, jembe sitaweza..."

"Nimesema uje. Sikusema ulime."

Kesho yake nikakaa jikoni kwa Hawe, nikasonga ugali kwa mkono wa kushoto, kazi ambayo sikujua kwamba inawezekana. Jiko lake liko wazi upande wa bondeni. Kwa mara ya kwanza tangu nije Kakuyuni nilikuwa nimekaa nawatazama wenzangu wakilima, badala ya kuwapita.

Hawe alikuwa katikati ya mstari. Jembe lake lilitua mahali, likatua pale pale tena. Likahama, likaruka nusu hatua ya nyasi. Wanawake wawili walio kushoto na kulia kwake wakaingia kila mmoja kidogo kwenye ngwe yake, wakaziondoa nyasi zile, wakarudi kwao, bila kukatisha wimbo. Alipokaribia kisiki, yule wa kulia akakigonga kwa mpini, ko, ko, naye Hawe akazunguka. Walifanya hivyo mstari mzima. Hakuna aliyeelekeza, walikuwa wamezoea. Nami nililima naye miaka yote ile, na simu zangu kwa kaka yangu zilijaa sifa za bibi wa Kigiriama ambaye ngwe yake inakwisha kama ya msichana.

Alipokuja kunywa maji nilimpa kikombe mkononi, nikaangalia vidole vyake vikikitafuta.

"Hawe, macho yako yana nini?"

"Mtoto wa jicho, mwanangu. Mwanga nauona, na kivuli cha mtu. Jembe silioni."

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka juzi."

Ugali ulikuwa unaungua, nikauacha uungue. "Na mbona hukusema?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. Hakuwa na lawama, alikuwa anashangaa tu.

"Nilisema. Siku ile ile tulipokuwa tunagawana ngwe. Nikawaambia wote, jamani, macho yangu yamekwisha, mtanifanyaje."

"Mimi sikuwepo?"

"Ulikuwepo," Hawe akasema. "Ulikuwa umeshatangulia, unalima."